Supu Isiyoonjwa

Kikombe bado kiko hewani, msomaji wangu. Wiki nzima umemwacha Itsuko amepiga magoti mkekani, na kaka yake Ryusaku kamnyoshea kikombe cha sake, pombe ya mchele, anatabasamu lile tabasamu lake la tangu utotoni, la kabla ya kuvunja kitu cha mtu.

"Pokea, Itsuko. Au mwenye nyumba wa Tsuyukusa siku hizi anakataa kikombe cha mgeni?"

Mtego uko hapo. Mgeni akimpa mwenye nyumba kikombe, mwenye nyumba hunywa, hukisuuza kwenye bakuli la maji, hukirudisha, kisha humimina yeye. Hainuki na kikombe cha mgeni mkononi. Katika mji wa Kyoto mtu anaweza kufilisika, anaweza hata kufumaniwa, na kesho yake watu wakamwamkia. Lakini mwenye nyumba aliyeacha kikombe cha mgeni na kwenda zake, huyo hasamehewi.

Ryusaku anaijua desturi hiyo vizuri. Amezaliwa humu humu Tsuyukusa, katika nyumba hii ya chakula, na aliikimbia siku baba yao alipozikwa. Leo amerudi, tena kwa mlango wa mbele.

Itsuko akapokea. Angefanyaje?

Upande wa pili wa bustani, jikoni, mumewe Morihide alikuwa anakaribia kutia chumvi kwenye supu. Na Morihide hana ulimi.

Hana ulimi wa kuonjea, nasema. Homa ya majira ya baridi ilimwacha hai, lakini iliondoka na ladha zote na harufu zote. Siki na maji kwake ni kitu kimoja. Waliojua ni wawili tu, yeye na mkewe. Kabla ya kila supu Itsuko hupita jikoni akijifanya anakagua mabakuli. Morihide humpa kisahani cheupe chenye funda moja, naye huonja na kugonga rafu kwa kidole. Akigonga mara moja, ongeza. Akigonga mara mbili, inatosha. Wameishi hivyo tangu theluji mpaka joto hili la Julai, na wateja wanaondoka wakiinama kwa shukrani.

Leo sasa. Usiku kucha mvua imemwagika, na kila mpishi wa mji huu anajua kwamba baada ya mvua kubwa maji ya kisima hubadilika tabia. Kipimo cha jana hakifai. Lazima mtu aonje.

"Kunywa basi," Ryusaku akasema.

Akanywa. Akasuuza. Akarudisha. Akamimina. Hata hajashusha chupa, Ryusaku amekwisha kunywa na kikombe kinamrudia tena usoni.

"Kingine, dada yangu. Siku nyingi hatujaonana."

"Kaka, kuna kazi jikoni."

"Kazi gani? Mpishi hayupo?"

"Yupo."

"Basi kaa."

Aliyekaa mbele ya kishubaka, mahali pa heshima, alikuwa Mzee Hatakenaka, muuza mikanda ya kimono kutoka mtaa wa Nishijin. Alikuwa ametazama bustani, anajipepea taratibu, mwanga wa mchana umemwangukia kichwani. Tsuyukusa haipokei mgeni asiye na mtu wa kumdhamini, na mdhamini wa Ryusaku leo alikuwa yeye. Mzee hakuwa na hila. Aliambiwa mtoto wa rafiki yake anataka kupatana na nyumbani kwao, akasema twende.

Lakini mzee huyo alikuwa amebeba hukumu bila kujua uzito wake. Mama yao, Bi Mkubwa Fusae, anayelala ghorofani na mguu mbovu, ndiye mwenye jina la nyumba mpaka leo. Alikuwa amekata shauri: Hatakenaka akinywa supu akasema ni supu ya Tsuyukusa, Morihide atabaki jikoni. Akisema siyo, Ryusaku anarudi kulishika jiko. Na mkwe aliyeingia nyumbani kwa mke akachukua jina la ukoo wa mke, akishapoteza jiko, hutoka kama alivyoingia, mikono mitupu. Nyumba hubaki na mke hubaki nayo.

Itsuko alimpenda mume wake. Niseme wazi maana kuna wasomaji wananiandikia wakidai aliolewa naye kwa ajili ya kisu chake. Alimpenda, na kila kikombe alichokunywa pale kilimshuka kama mwiba.

Ryusaku akainama kumkaribia, sauti chini.

"Nimesikia supu ya hapa haitoki mpaka wewe upite jikoni. Kila siku. Nikasema hebu, leo niione ikitoka peke yake."

"Nani amekwambia upuuzi huo?"

"Mtu aliyefukuzwa kazi ana mdomo mpana. Kunywa, sake inapoa."

Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa ndani ya nguo kabisa. Itsuko akaamua. Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akakiinua, akajifanya mkono umeteleza. Sake yote ikamwagika kifuani, kwenye hariri nyembamba ya kiangazi.

"Ee, samahanini sana! Naomba ruhusa nikabadilishe..."

"Usisimame!"

Sauti haikuwa ya Ryusaku. Ilikuwa ya Mzee Hatakenaka. Upepeo wake wa mkono ulikuwa chini, na mzee mwenyewe alikuwa anakuja kwa magoti, amechomoa karatasi laini kifuani mwake.

"Usisimame, binti, na usiisugue! Hariri hii ukisimama tu, doa linashuka mpaka kwenye mkanda. Mkanda huo nimeuuza mimi kwa mama yako. Tulia hapo hapo. Tulia kabisa."

"Mzee, si kitu, nitakwenda..."

"Si kitu? Unaniambia mimi si kitu? Kaa kimya, mtoto wewe."

Akaanza kuigusagusa ile nguo kwa karatasi, pole pole, kama anamfuta mtoto machozi. Mzee wa watu alikuwa na moyo mwema, na moyo wake mwema ukamfunga Itsuko pale chini kuliko kamba. Ryusaku alilazimika kutazama ukutani ili asicheke.

"Mzee ana haki," akasema. "Tulia, dada."

Ikasikika kengele ndogo ya korido.

Supu imetoka.

Mlango wa karatasi ukateleza. Mitsuyo, mhudumu wa siku nyingi wa nyumba ile, alikuwa amepiga magoti kizingitini na trei yenye mabakuli mawili meusi. Itsuko akamtazama usoni akitafuta habari yoyote. Mitsuyo akateremsha macho upesi. Hilo lilikuwa jambo baya, maana Mitsuyo si mtu wa kuteremsha macho.

Mabakuli yakawekwa mbele ya wageni. Juu ya vifuniko palikuwa na matone madogo ya maji, yaliyonyunyizwa jikoni dakika ya mwisho kama ilivyo kawaida, ili mgeni aone kwamba tangu supu ilipofunikwa hakuna mkono uliogusa. Itsuko aliyatazama matone yale kwa chuki. Laiti yasingekuwepo, angeinua kifuniko kwa kisingizio chochote na kunusa. Sasa hata kidole akigusa, kitaonekana.

Akawaza kuipiga teke trei. Kweli aliwaza, mwanamke aliyelelewa kwa adabu vile. Goti lake lilikwisha kusogea.

"Karibuni," akasema badala yake.

Mzee Hatakenaka akarudi mahali pake, akajiweka sawa, akalibana bakuli kidogo ukingoni ili kifuniko kiachie. Mvuke ukapanda. Ndani, mnofu wa samaki mkunga ulikuwa umefunguka mweupe, juu yake kipande cha ganda la ndimu changa. Mkunga ana miiba isiyohesabika, na kazi ya mpishi ni kuikatakata yote bila kutoboa ngozi. Katika hilo Morihide hana mpinzani, kwa kuwa kisu hakihitaji ulimi. Lakini mkunga hanywewi. Kinachonywewa ni supu.

Mzee akanywa funda moja. Akafumba macho. Akanywa tena.

Akaweka bakuli chini.

Nyenze walikuwa wanapiga kelele bustanini kama wamelipwa.

"Nani yuko jikoni?" mzee akauliza.

"Mume wangu, mzee."

"Hapana."

Ryusaku akaweka viganja vyake juu ya magoti, kama mtu aliyekwisha kushinda kesi na sasa anamsubiri hakimu amalize kusoma.

"Hapana," mzee akarudia. "Mimi nimekula kwa baba yenu kabla hamjazaliwa nyinyi. Tangu azikwe nimekunywa supu nzuri hapa, sikatai, lakini zilikuwa na chumvi ya ujana. Hii siyo hiyo. Huu ni mkono wa baba yenu. Mkono wake hasa! Sikutegemea kuunywa tena kabla sijafa."

Akatoa ile karatasi aliyofutia nguo, akafutia macho yake.

Ryusaku alifunua bakuli lake kwa pupa mpaka kifuniko kikaviringika mkekani. Akanywa bila adabu, kama mtu wa kibandani. Kisha uso wake ukabadilika rangi.

"Haiwezekani," akasema.

Furaha ilimpanda Itsuko mpaka akataka kucheka kwa sauti. Morihide amepona! Ulimi umerudi! Lakini furaha yenyewe haikukaa. Morihide hata alipokuwa mzima hakuwahi kuufikia mkono wa baba mkwe wake, na alikuwa akisema hivyo mwenyewe. Na tangu theluji, chumvi ya ujana ilikuwa ya Itsuko. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya jikoni kwao ilikuwa moja tu, ulimi wake yeye.

Basi leo kuna mwingine ameonja. Nani? Na anajua nini?

"Namtaka mpishi," Ryusaku akasema, akiinuka.

"Mgeni haingii jikoni."

"Mimi si mgeni. Mimi ni mtoto wa nyumba hii."

"Sasa hivi tu ulikuwa mgeni wa kunipa vikombe. Chagua moja, kaka."

"Nimekwisha chagua."

Itsuko akamwinamia Mzee Hatakenaka mpaka paji likagusa mkeka, akakusanya pindo la kimono, akatoka mbio mbele ya kaka yake. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwona mwenye nyumba akikimbia. Siku ile walimwona.

Akavuta pazia la jikoni.

Morihide alikuwa amesimama wima kando ya jiko, mikono imemning'inia, uso hauna tone la damu. Vijana wa jikoni wote walikuwa wametolewa nje. Na pale kwenye kigoda cha kumenyea mboga, karibu kabisa na sufuria ya supu, alikuwa amekaa Bi Mkubwa Fusae, katika vazi lake la kulalia, nywele nyeupe hazijafungwa, kisahani cheupe mkononi.

"Mama! Ngazi umeshukaje?"

"Kwa makalio," akajibu Bi Mkubwa. "Ngazi haiangalii cheo cha mtu. Ingia, ufunge mdomo. Na wewe Ryusaku, acha kujificha nyuma ya mlango, tangu mdogo unahema kama ng'ombe."

Ryusaku akaingia.

"Nilikuwa nimeshika chumvi nakusubiri," Morihide akamwambia mkewe. "Hukuja. Nikasema basi, naipeleka hivyo hivyo, liwalo na liwe. Nikasikia nyuma yangu, 'Lete hapa hicho kisahani.'"

Itsuko akamgeukia mama yake. "Kumbe ulijua?"

"Mguu ndio mbovu, masikio mazima. Tangu theluji nasikia soksi zako zinapita korido, zinasimama jikoni, kisha kidole kinagonga. Ko. Ko ko. Mlidhani nimelala? Leo nikasikiliza, nikasikiliza, soksi hazipiti. Nikajua huyu hapa amekushika." Akamwonyesha Ryusaku kwa kidevu. "Mjanja. Umefanana na mjomba wako, na mjomba wako alikufa hana rafiki."

"Asante, Mama." Itsuko alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu yenye maji, hana habari na kimono tena. "Umetuokoa."

"Nimeokoa jina. Nimwache Hatakenaka anywe takataka chini ya jina letu? Mume wako sijamwokoa."

Ryusaku akaanza kucheka.

"Hana ulimi! Mpishi mkuu wa Tsuyukusa hana ulimi! Yaani mimi nilidhani mvivu tu, kumbe..."

"Nyamaza wewe, hujapewa kitu bado." Bi Mkubwa akavuta pumzi. Alipozungumza tena, hakuwa na ukali, na kukosa ukali kule kulitisha zaidi. "Nyumba hii haiendeshwi kwa ulimi wa kuazima. Baba yenu alisimama hapo maisha yake yote, hakuwahi kumwita mke aje amwonjee. Hata siku moja. Morihide, umekuwa mkwe mwema, sina la kukulaumu. Vua aproni. Ryusaku, nawa mikono."

Morihide hakubisha. Afadhali angebisha! Alifungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya ubao wa kukatia. Akalaza kisu chake cha mkunga juu yake, makali yameelekea upande wake mwenyewe. Kisha akapiga magoti na kuinama.

"Mmenitunza kwa siku nyingi, Mama."

Itsuko alimwona mgongo. Alimwona kola imelowa jasho, na lile kovu dogo shingoni alilopata akimbebea mama huyo huyo maji ya moto. Akamwona kwa mawazo atakavyotoka kwa mlango wa nyuma na begi moja, na watu wa mtaa wakijifanya hawamwoni, kama wanavyojua kujifanya. Uchungu ukamjaa mpaka akasahau kuogopa.

"Ryusaku, bomba lile pale," Bi Mkubwa akasema. "Unangoja nini?"

"Ngoja," Itsuko akasema.

"Itsuko, yamekwisha."

"Hayajakwisha. Kaka, uliyasikia maneno ya Mzee Hatakenaka?"

"Niliyasikia. Ndiyo nini?"

"Yaseme. Mama hakuwepo."

Ryusaku akapandisha mabega, mikono imekwisha kulowa. "Alisema ni mkono wa baba. Hata mimi nimeonja. Ni mkono wa baba, ndiyo. Sasa?"

"Asante." Itsuko akasimama. "Morihide hakuonja. Mimi sikuonja, nilikuwa nimefungwa na vikombe vyako. Baba yuko kaburini. Aliyeonja leo ni Mama peke yake."

Bi Mkubwa akakiangalia kisahani mkononi mwake.

"Mama, mimi nina ulimi wangu na supu yangu ina chumvi ya ujana, mzee kasema. Wewe ulimi wako umeonja mara moja tu leo, na mtu aliyekula hapa maisha yake yote akalia machozi akasema huu ni mkono wa marehemu. Sasa niambie. Miaka yote ile Baba aliposimama hapo na watu wakatoka Tokyo kuja kunywa supu yake, ulimi ulikuwa wa nani?"

Maji yalikuwa yanatiririka kwenye bomba. Ryusaku akayafunga.

"Unaropoka nini wewe?" akasema. "Unamsema Baba hivyo?"

"Simsemi Baba. Namwuliza Mama."

"Mama, mwambie. Mwambie anaropoka!"

Bi Mkubwa Fusae alikuwa na jibu la kila mtu. Alikuwa na jibu la wakwe, la wauza samaki, la makuhani wa hekaluni. Wakamngojea. Morihide akainua kichwa kutoka sakafuni. Bibi yule akakiweka kisahani cheupe kando ya sufuria.

"Baba yenu alikuwa mpishi mkubwa," akasema hatimaye, na hakumtazama mtu.

"Sikuuliza hilo, Mama."

Pazia likasogea.

Wote wakageuka. Kwenye kizingiti cha jikoni, mahali ambapo mguu wa mgeni haujawahi kufika tangu nyumba ijengwe, alisimama Mzee Hatakenaka na soksi zake nyeupe, bakuli tupu mikononi. Hakuomba radhi. Hakumwangalia Itsuko, wala Ryusaku, wala mkwe aliyepiga magoti. Alimwangalia yule bibi kizee mwenye nywele zisizofungwa, na macho yake yalikuwa mekundu.

Watumishi humwita Bi Mkubwa. Mtaa mzima humwita mama mwenye nyumba. Marehemu mumewe mwenyewe, mbele za watu, hakuthubutu kumwita vingine.

"Fusae," mzee akasema, jina tupu, kama mtu aliyelizoea. "Mjibu mtoto. Au nimweleze mimi?"